Mpeni Mwenye Kontrabasi Kiti

Jumamosi moja alasiri, katika ukumbi wa parokia moja huku Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, nilikaa kwenye benchi nikisikiliza vijana wanne wakihangaika na ukurasa mmoja wa nota. Binti alikuwa kwenye fidla, kaka yake kwenye selo, mwanafunzi wa chuo kikuu kwenye kinanda cha umeme. Wa nne naye alishika fidla, ila alikuwa akisoma sehemu ya viola, dada mkubwa wa fidla mwenye sauti ya chini zaidi, na kila noti iliposhuka kupita uwezo wa chombo chake aliirusha juu. Walikuwa wakimngoja mtu wa tano. Walipochoka kungoja wakaanza, wakafika mwisho wa ukurasa, wakatazamana. Hakuna aliyekosea sana, lakini muziki ulikuwa unaelea tu, kama shuka iliyoanikwa siku ya upepo.

Mtu wa tano ni papa (ndivyo tunavyomwita baba hapa kwetu) mwenye miaka hamsini na kitu, ambaye Ijumaa usiku hupiga gitaa la besi kwenye orkestra ya baa. Aliingia na kontrabasi ya kuazima, ile fidla kubwa kuliko zote yenye sauti ya chini kabisa, iliyobakiwa na nyuzi tatu. Uzi mnene kuliko yote, ule wa noti ya Mi, ulikatika zamani na hajapata mwingine. Akauliza aanze na nini. Wakamwambia: noti ya La, papa, shika La moja, usiiache mpaka tukwambie. Akaishika. Wakarudia ukurasa uleule.

Walipomaliza, binti wa fidla akamgeukia: “Papa, sasa nyimbo iko na fasi ya kukanyaga.”

Nimesoma mengi kuhusu muziki wa piano na ala za nyuzi, na bado naona sentensi ya binti yule imegusa kiini kuliko kurasa nyingi. Makala hii ni jaribio la kueleza kwa nini alisema kweli, na kwa nini mji kama Lubumbashi ungefanya vyema kuanzia hapo, kwenye kapu hili dogo la tungo za piano na nyuzi zenye kontrabasi, ambalo dunia ya muziki imelisahau karibu lote.

Ukurasa waliokuwa wakiupiga ni mwanzo wa kwinteti (utungo wa wapigaji watano) ya Franz Schubert iitwayo “Samaki Trauti”. Hiyo si ngeni kwa wapenzi wa muziki huu. Schubert aliitunga mwaka 1819, akiwa na miaka 22, alipokuwa mgeni katika mji wa Steyr huko Austria. Aliyemwomba ni Sylvester Paumgartner, tajiri wa shughuli za madini aliyepiga selo kwa kujipendea na kukusanya marafiki nyumbani kwake wapige muziki pamoja. Steyr ulikuwa mji wa chuma kama wetu ulivyokuwa wa shaba tangu tanuri lilipowashwa hapa mwaka 1911. Napenda kulikumbuka hilo kila mtu anaponiambia kwamba muziki wa namna hii ni wa makasri na wafalme. Huu uliombwa na mtu wa madini, upigwe sebuleni kwake, bila kiongozi wa kupunga fimbo.

Ombi la Paumgartner lilikuwa na sharti moja lenye maana kubwa kwa hoja yangu. Alitaka vyombo vilevile alivyotumia Johann Nepomuk Hummel: piano, fidla moja, viola moja, selo moja na kontrabasi moja. Kwa hiyo hata utungo huu mashuhuri ulizaliwa kwa kufuata nyayo za mwingine, na huyo mwingine leo wachache wanamjua.

Tutazame kwanza kazi ambayo kontrabasi inafanya pale. Chombo hiki kinatoa sauti oktavu moja, yaani ngazi nane za noti, chini ya noti zilivyoandikwa. Uzi wake wa Mi unatikisika kama mara 41 kwa sekunde, na sauti ya chini namna hiyo mtu huisikia kifuani na kwenye miguu ya benchi pia. Ikishikiliwa noti moja ndefu chini, kila kinachopita juu yake kinapata jina: hii ni nyumbani, hii tumetoka, hii tunarudi. Ndivyo Schubert anavyoanza. Piano inapanda ngazi kwa mbio, nyuzi za juu zinanong’ona, na kontrabasi imesimama kwenye La yake. Ukiiondoa La hiyo, noti za juu hazibadiliki hata moja, lakini msikilizaji hajui tena asimame wapi.

Sasa, piano za wakati ule hazikuwa kama zile tunazoziona kwenye picha za kumbi kubwa. Piano ya Vienna ya mwaka 1819 ilikuwa na fremu ya mbao, nyuzi nyembamba, nyundo ndogo zilizofunikwa kwa ngozi, na upana wa oktavu kama sita. Juu ilimeta vizuri. Chini ilikuwa na sauti safi lakini nyepesi, isiyokaa. Mtunzi aliyetaka kina ilimbidi akitafute nje ya piano, na kontrabasi ilikuwa palepale. Kisha ikaja fremu ya chuma cha kuyeyushwa: Alpheus Babcock wa Boston aliipatia hataza mwaka 1825, na mwaka 1859 kampuni ya Steinway ikapata hataza ya piano kubwa ambayo nyuzi za chini zinapita juu ya nyingine kwa mshazari. Piano ikawa na ngurumo yake yenyewe. Ukiweka kontrabasi kando ya ngurumo hiyo bila uangalifu, sauti mbili za chini zinakorogana zikawa tope. Walimu wengi hutoa sababu hii wanapokataa tungo hizi, na siwezi kuwalaumu.

Lakini nani hapa kwetu ana piano kubwa ya chuma? Parokia nyingi, shule nyingi, makanisa ya uamsho, yote yana kinanda cha umeme chenye spika ndogo. Juu kinameta. Chini hakikai. Umeme ukipungua nguvu, chini hakipo kabisa. Pale Kamalondo nilichosikia kinakaribia zaidi uzani wa sebule ya Paumgartner kuliko rekodi nyingi za kisasa nilizonazo, kwa sababu kontrabasi ilikuwa inafanya kazi ileile iliyoletewa: kukopesha miguu kwa chombo chenye vidole vyepesi. Sijawahi kuona mahali pengine umaskini wa vifaa unapogeuka kuwa sababu ya kisanaa ya kuchagua tungo fulani, na nadhani tungeitumia sababu hiyo bila aibu.

Kuna faida ya pili ambayo mimi naipenda zaidi. Selo katika kundi la kawaida la nyuzi ni mama wa nyumba: ndiyo iko chini, ndiyo inabeba. Ina sauti nzuri kuliko zote, lakini imefungwa jikoni. Kontrabasi ikiingia, selo inafunguliwa. Inapanda, inaimba mahali ambapo sauti ya mwanamume mzima huimba, na viola nayo inapata jirani wa kuzungumza naye. Hata mkono wa kushoto wa piano unapata ruhusa ya kuondoka chini ukapande kuungana na wa kulia, mikono yote miwili ikaimba wimbo mmoja oktavu mbalimbali. Schubert anafanya hivyo mara nyingi, na ndiyo siri ya mwanga ule wa “Trauti”. Halafu, katika sehemu ya nne, ambapo wimbo mmoja unavalishwa nguo mbalimbali, anaigeukia kontrabasi yenyewe na kuipa wimbo pamoja na selo, huku piano ikikimbia juu yao kama maji. Mbebaji amepewa neno.

Tukitoka kwa Schubert ndipo hazina inapoanza.

Jan Ladislav Dussek, Mcheki aliyezunguka Ulaya nzima na piano yake, aliandika kwinteti ya vyombo hivi mwaka 1799, miaka 20 kabla ya “Trauti”. Ina giza na haraka, na piano inajipenda mno. Hummel mwenyewe, mwanafunzi aliyeishi nyumbani kwa Mozart utotoni, aliitunga yake, Op. 87 (Op. ni namba ya utungo katika orodha ya mtunzi), mwaka 1802, ingawa haikuchapishwa mpaka 1822. Hii ningeiweka mbele ya kila kundi linaloanza. Mwanzo wake ni kishindo cha mtu anayepiga mlango, sehemu yake ya polepole ni fupi, karibu daraja tu, na mwisho wake unakimbia bila kupumua. Si ndefu. Inafundisha. Ferdinand Ries, mwanafunzi na katibu wa Beethoven, naye ana Op. 74 ya mwaka 1815, ambayo ina kurasa nzuri sana na nyingine za kujaza nafasi. Johann Baptist Cramer aliandika zaidi ya moja. Nimezisikiliza kwa subira na sioni sababu ya kumchosha msomaji.

George Onslow anastahili kusimama kidogo, kwa sababu kisa chake kinasimuliwa popote wapiga kontrabasi wanapokutana. Alikuwa Mfaransa mwenye asili ya Uingereza, mzaliwa wa Clermont-Ferrand, na alitunga kwinteti nyingi za nyuzi zenye selo mbili. Siku moja London, inasemekana, mpiga selo wa pili hakutokea. Domenico Dragonetti, fundi mkuu wa kontrabasi wa zama zile, akajitolea kuipiga sehemu ile kwenye chombo chake. Onslow akakataa: angeharibu kila kitu. Hapakuwa na njia nyingine, wakapiga. Baada ya kurasa chache mtunzi alikuwa amebadili mawazo, na tangu hapo akaiandikia kontrabasi kwa hiari yake, hata katika kwinteti zake mbili za piano, Op. 70 na Op. 76. Dragonetti alipiga kontrabasi ya nyuzi tatu, kama wengi wa wakati wake. Nilipomwambia hivyo papa wetu wa Kamalondo, aliangalia chombo chake kilichokatika uzi, akanyamaza kidogo, kisha akaomba nirudie jina la mtu huyo.

Sasa Louise Farrenc. Hapa nitakaa, kwa sababu naamini huyu ndiye hasa tuliyedhulumiwa kutomjua. Alizaliwa Paris mwaka 1804, akaolewa na mpiga filimbi aliyekuwa pia mchapishaji wa muziki, na mwaka 1842 akawa mwalimu wa piano katika Konsevatwari ya Paris, chuo cha muziki, kazi aliyoifanya kwa miaka 30. Walimlipa chini ya wenzake wanaume. Mwaka 1850 utungo wake wa ala tisa ulipigwa, Joseph Joachim kijana akiwa kwenye fidla, ukapokelewa kwa shangwe. Baada ya hapo alimwandikia mkurugenzi kudai mshahara sawa, na akaupata. Kwinteti zake mbili za piano na kontrabasi ni za mapema zaidi: Op. 30 ya mwaka 1839 na Op. 31 ya mwaka 1840.

Ukizisikiliza utajua kwamba mtu huyu alielewa kila nililokuwa nikilieleza hapo juu. Selo inapewa nyimbo ndefu za kweli, zenye mwanzo, katikati na mwisho. Kontrabasi haikokotwi kila mahali nyuma ya mkono wa kushoto wa piano: inanyamaza, kisha inaingia, na kuingia kwake kunasikika kama mtu mzima anapoketi kwenye mazungumzo ya vijana. Piano ina kazi kubwa, maana mwenyewe alikuwa fundi wa piano, lakini haiwafunikii wengine. Katika Ufaransa ya opera, ambako aliyetaka jina aliandika kwa jukwaa, yeye alichagua sebule na akaiheshimu. Watu wanaosema tungo hizi zilisahaulika kwa sababu ni dhaifu wakazisikilize hizi mbili kwanza, kisha tuzungumze.

Kwa nini basi zilisahaulika? Nina jibu langu, na linahusu nauli kuliko muziki. Mwaka 1842 Robert Schumann aliandika kwinteti ya piano na nyuzi nne za kawaida: fidla mbili, viola, selo. Ni kazi kubwa na wengine wakaifuata. Brahms, Franck, Dvořák wote walitumia mpango huo. Wakati huohuo makundi ya watu wanne wa nyuzi yalikuwa yanageuka kuwa kazi ya kudumu, watu wanaosafiri pamoja mji kwa mji. Kundi kama hilo likimwalika mpiga piano mmoja, jioni imekamilika. Kwinteti yenye kontrabasi inataka fidla mmoja abaki hotelini, na mgeni mwingine alipwe, tena mgeni mwenye chombo kisichoingia kwenye behewa bila ugomvi. Mpaka leo kumbi za Ulaya zinamwita mpiga kontrabasi kwa “Trauti” peke yake, anapiga nusu ya jioni, nusu nyingine anakaa nyuma ya jukwaa. Wangeweka Farrenc au Hummel katika nusu ile. Mgeni amekwisha kulipwa!

Baada ya Schumann mpango wa zamani haukufa moja kwa moja. Hermann Goetz, aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1876 akiwa na miaka 35, ana Op. 16, kazi nzito na ya kweli, ambayo mimi naisikiliza usiku tu. Mwingereza Ralph Vaughan Williams aliandika yake mwaka 1903, ikapigwa London mwezi wa Desemba 1905, kisha baada ya onyesho la mwaka 1918 akaiweka kando kabisa. Mjane wake aliiruhusu isikike tena katika miaka ya 1990, na ilichapishwa mwaka 2002. Wimbo wa sehemu yake ya mwisho, hata hivyo, mzee hakuusahau: aliutoa tena katika sonata yake ya fidla ya mwaka 1954. Na wenye watu sita wanao Mendelssohn, aliyeandika kazi ya piano, fidla, viola mbili, selo na kontrabasi akiwa na miaka 15, au Glinka, ambaye yake ya mwaka 1832 aliiandika Italia na inanukia jua la huko.

Narudi Lubumbashi. Hoja ya walimu wetu, na wengi wao nawaheshimu, ni kwamba tuanze na fidla mbili, viola na selo, kwa kuwa huo ndio msingi wa muziki wa sebuleni. Mimi naona tunaanzia mahali pagumu kuliko pote. Nyuzi nne peke yake hazina pa kujificha: kidole kikiteleza unene wa unywele, ukumbi mzima umesikia. Na fidla nzuri mbili, zenye wapigaji wawili wa kiwango kimoja, hatuna kila mtaa. Tulichonacho kwa wingi ni watu wa besi. Mitaa yetu ya Kamalondo, Kenya, Katuba, nenda popote kwenye orkestra na kwaya, utampata mtu anayejua kazi ya chini: kushika wakati, kujua wimbo unakwenda wapi kabla haujafika, kunyamaza panapostahili. Gitaa la besi lina nyuzi nne, Mi, La, Re, Sol. Kontrabasi ina hizohizo, kwa mpangilio uleule. Na rumba yetu yenyewe, ile ambayo UNESCO iliiandika kwenye orodha yake mwaka 2021, ilitembea kwa kontrabasi katika rekodi za Leopoldville (Kinshasa ya leo) za miaka ya 1950 kabla gitaa la besi la umeme halijachukua nafasi. Babu za wapiga besi wetu wa leo walikuwa na chombo hiki mkononi.

Sidai kwamba ni rahisi. Kontrabasi haina vyuma shingoni vya kuonyesha kidole kikae wapi, na upinde ni elimu ya miaka. Papa wa Kamalondo anapodonoa nyuzi kwa kidole utadhani alizaliwa nazo. Anaposhika upinde, noti ndefu inatetemeka katikati kama mwali wa mshumaa. Lakini tungo hizi zinampa mengi ya kufanya kwa vidole na kwa noti chache zilizokaa, wakati fidla na piano wanabeba mbio. Anajifunza ndani ya muziki wa kweli, pamoja na watu. Hilo kwinteti ya Schumann haiwezi kumpa, kwani haina kiti chake.

Wapo watakaouliza kwa nini tushughulike na maiti wa Ulaya. Mji huu ulimsikia Joseph Kiwele, aliyetunga Missa Katanga. Hatukusubiri ruhusa kuchanganya nota na midundo yetu. Kinshasa kuna orkestra ya simfoni ya Wakimbangu, waumini wa Kanisa la Kimbangu, tangu 1994, iliyoanza na watu wasio na vyombo vya kutosha wakipokezana fidla moja. Nota za Hummel, Farrenc na Goetz hazina mwenyewe tena kisheria, na nyingi zimewekwa bure kwenye maktaba ya intaneti iitwayo IMSLP. Mtu anahitaji simu, megabaiti za siku moja, na kibanda cha fotokopi.

Ndivyo tulivyofanya. Wiki iliyopita nilichapisha Op. 30 ya Farrenc, sehemu zote tano, nikazipeleka Kamalondo ndani ya bahasha. Mwanafunzi wa piano alifungua zake, akahesabu kurasa, akapuliza hewa mashavuni. Binti wa fidla alichukua zake na za kaka yake. Papa alikaa na karatasi ya kontrabasi magotini muda mrefu, akifuata kwa kidole mahali palipoandikwa kimya, akihesabu kwa midomo, na kila alipofika mahali pa kuingia aliweka alama ndogo kwa kalamu ya risasi. Yule kijana wa fidla ya pili alisema viola ya kweli ataitafuta kabla ya mwezi kuisha. Kuna mtu Kampemba, amesikia, ana moja chini ya kitanda. Karatasi za viola bado zimo kwenye bahasha.